Miksi ya Mpwa: Namna ya Kumpangia Mtoto Nyimbo Azisikilize Mpaka Mwisho

Mtu mzima akiamua kumtengenezea mpwa au mdogo wake miksi ya nyimbo, huanza na nyimbo anazozipenda yeye mwenyewe. Ndiyo maana miksi nyingi hazifiki mbali. Mtoto husikiliza mbili za kwanza kwa heshima, hushukuru kama alivyofunzwa, kisha hurudi kwenye zile zinazovuma shuleni, na siku memori kadi ikijaa zako ndizo za kwanza kufutwa. Mimi naishi Muyinga, mpwa wangu anasoma Gitega, na nyimbo zimekuwa njia yetu ya kuongea tangu alipoanza kuazima simu ya mama yake. Msimamo wangu katika kazi hii ni mmoja: miksi ya mtoto inaanzia pale mtoto alipo, halafu inamsogeza taratibu mpaka kwenye sauti ambazo hakuna dijei, redio wala mtandao utakaompa. Ukiishia kwenye sehemu ya kwanza, umempa kitu anachokipata bure kwa wenzake. Ukirukia sehemu ya pili moja kwa moja, hatafika huko.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, mchunguze. Usimuulize "unapenda nyimbo gani?", kwa sababu atakutajia zile anazodhani mjomba au shangazi angependa kuzisikia. Muulize ni wimbo gani wenzake wanauimba wakati wa mapumziko, na ni upi yeye akiusikia anaruka. Hayo ni maswali mawili tofauti na majibu yake hayafanani. Mpwa wangu alinijibu la kwanza kwa kunitajia nyimbo za Sat-B na za Zuchu bila kufikiri, lakini la pili lilimchukua muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, mimi napenda zile ambazo mtu anaimba polepole na gitaa." Jibu hilo la pili ndilo lililonionyesha njia. Ukiweza, kaa naye siku moja mkisikiliza simu yake pamoja, na uangalie anaruka wimbo kwenye sekunde ya ngapi. Watoto wa miaka kumi hadi kumi na tatu hawana subira na mianzo mirefu ya ala tupu. Wakubwa kidogo wanavumilia.

Fikiria pia lugha, maana kwetu lugha si jambo dogo. Gitega mtoto anaongea Kirundi nyumbani na anasoma Kifaransa shuleni, na Kiswahili anakikuta sokoni na kwenye mitaa ya wafanyabiashara, ambako kimekuwepo tangu enzi za Wajerumani, walipohamishia makao ya utawala wao Gitega mwaka 1912. Huku Muyinga hali ni nyingine. Mpaka wa Kobero uko karibu, Ngara iko ng'ambo tu, na Radio Kwizera ya Ngara imekuwa ikisikika huku tangu ilipoanzishwa mwaka 1995. Kuna watu wazima wengi wa familia zetu walioishi ukimbizini Tanzania, katika kambi kama Lukole na nyinginezo, wakarudi na Kiswahili safi pamoja na kapu zima la nyimbo za Kitanzania. Nyimbo hizo kwao ni sehemu ya ujana wao. Kwa mtoto wa Gitega ni nyimbo za kigeni mpaka aambiwe zilimfikaje mama yake. Kanuni ninayoifuata ni kutopanga nyimbo tatu mfululizo katika lugha ambayo mtoto haielewi vizuri. Mbili zinatosha, kisha mrudishie anayoielewa.

Sasa urefu. Memori kadi ya GB 8 inabeba karibu nyimbo elfu mbili za ubora wa kawaida, na hapo ndipo watu wanapopotea: wanamjazia mtoto nyimbo mia tatu na kuita hiyo zawadi. Hiyo ni ghala, si miksi. Watu wa zamani walikuwa na bahati ya kubanwa na kaseti. C60 ilikupa dakika 30 kila upande, C90 ikakupa 45, na ilibidi uchague. Mimi nimebaki na kipimo cha upande mmoja wa C90. Dakika 45 ni nyimbo kumi hadi kumi na mbili. Mtoto anaweza kuzimaliza akisaidia kuosha vyombo na kuchambua maharage, au katika nusu ya kwanza ya safari ya basi kutoka Gitega kuja Muyinga kupitia Karuzi. Kitu kinachomalizika kwa mkao mmoja hurudiwa. Akitaka zaidi, mtengenezee nyingine mwezi ujao.

Kupanga mfuatano ndiyo kazi yenyewe, na hapa naomba tukae kidogo.

Wimbo wa kwanza uwe ule alioutaja yeye. Usione aibu kwamba ni wimbo ambao wewe huupendi, na usiuweke wa tatu ili kumlipa kwa subira yake. Weka wa kwanza. Mtoto akiusikia anajua kwamba ulimsikiliza, na kuanzia hapo anakupa dakika kumi za imani. Wa pili uwe wa msanii yuleyule au wa aina ileile, lakini ambao haujui. Kuanzia wa tatu unaanza kumsogeza, na kila hatua iwe na kitu kimoja kinachobaki palepale wakati kingine kinabadilika. Kama mdundo unabadilika, lugha ibaki. Kama lugha inabadilika, sauti ya mwimbaji ibaki. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, kidole kinakwenda kwenye kitufe cha kuruka.

Nitoe mfano wa miksi niliyompangia huyu binti wa miaka kumi na miwili. Ilianza na Bongo Fleva mbili anazozijua. Kisha nikamleta Kidum na Juliana Kanyomozi wa Uganda katika "Haturudi Nyuma", wimbo wa Kiswahili ambao masikio ya leo hayaukatai. Kidum ni daraja zuri kuliko wote ninaowajua kwa mtoto wa Burundi, kwa sababu sauti hiyohiyo iliyompendeza katika Kiswahili anaikuta tena ikiimba Kirundi. Kwa hiyo wimbo uliofuata ulikuwa "Yaramenje". Lugha imebadilika, mtu ni yuleyule, na mtoto hajaruka. Akishazoea Kirundi cha muziki wa gitaa, kumfikisha kwa marehemu Christophe Matata ni hatua fupi: "Amaso akunda" ina ule upole alioniambia anaupenda. Baada ya Matata nikamweka Khadja Nin, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1959 na kuimba Kiswahili katika majukwaa ya Ulaya. "Sina Mali, Sina Deni", iliyomo kwenye albamu ya Sambolera ya mwaka 1996, imejengwa juu ya wimbo wa Stevie Wonder, na ni ushahidi mzuri wa kumwonyesha mtoto kwamba wimbo unaweza kusafiri ukavaa lugha ya kwetu bila kupoteza kitu.

Kwa mtoto wa Muyinga ningepita njia nyingine kidogo. Ningemleta Saida Karoli, wa Bukoba, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliimba Kihaya akasikilizwa na nchi nzima ya Tanzania na nje yake. Mtoto wa huku hahitaji kuelewa kila neno. Bukoba si mbali, ngoma zake zinafanana na za harusi alizokwisha kuziona, na bibi zake wengine wana jamaa ng'ambo ya mpaka. Kutoka kwa Saida unaweza kuingia moja kwa moja kwenye ngoma za Burundi.

Na ngoma hizo lazima ziwemo, hasa kwa mtoto anayeishi Gitega, kwa sababu Gishora iko kilomita saba hivi tu kutoka mjini, na ndiko zinakotunzwa ngoma mbili za kifalme, Ruciteme na Murimirwa. UNESCO iliingiza ngoma hizi za kifalme kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014. Dunia ya muziki ilizijua zamani zaidi: zilirekodiwa mwaka 1967 katika santuri iliyotolewa na Ocora ya Ufaransa, na mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akaimba juu ya rekodi ya ngoma za Burundi katika "The Jungle Line". Mtoto akisikia kwamba mlio wa kwao ulichukuliwa ukapelekwa Marekani kabla mama yake hajazaliwa, anakaa wima. Mweleze pia jinsi ya kuzisikiliza, kwa sababu bila maelezo ngoma nyingi zikipigwa pamoja ni kishindo tu. Inkiranya iko katikati, ndiyo inayoita. Amashakwe hazibadiliki, zinashika pigo lilelile mwanzo mpaka mwisho. Ibishikizo zinaifuata inkiranya. Mwambie achague moja na aifuate peke yake dakika nzima. Akiweza kufanya hivyo, amekwisha kujifunza kusikiliza muziki wowote.

Ukizirekodi mwenyewe, usisimame mbele ya wapigaji kama wafanyavyo wageni wenye kutafuta video. Ngoma kwa karibu inapasua sauti ndani ya simu, na sauti iliyopasuka hairekebishiki kwa programu yoyote. Rudi nyuma hatua ishirini au zaidi, kaa pembeni, usizibe tundu la maikrofoni kwa kidole, na rekodi kipande cha majaribio kabla hujarekodi chote. Katika miksi usiweke zaidi ya dakika mbili au tatu za ngoma. Zina nguvu, zinachosha zikisikilizwa bila kuonekana.

Jambo muhimu kuliko yote kuhusu ngoma ni kitakachofuata baada yake. Usiweke inanga mara baada ya ngoma. Inanga yetu ya kunong'ona ni sauti ndogo kuliko zote katika muziki wa Burundi: mwimbaji ananong'ona tu, na nyuzi za inanga ndizo zinazobeba mwinuko na mteremko wa sauti, mpaka sikio linaamini kwamba ni yeye anayeimba. Baada ya ngoma sikio bado linavuma, na mnong'ono hausikiki kabisa. Kati ya viwili hivyo weka wimbo mmoja wa kawaida, wa sauti ya wastani, na acha ukimya wa sekunde tatu au nne kabla ya inanga kuanza. Ukimya huo uutengeneze kwa makusudi. Programu nyingi zimezoeshwa kuunganisha nyimbo bila pengo. Na uandike kwenye karatasi: "Hii isikilize kwa visikilizi, usiku." Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa nyuzi nene za inanga. Inazimeza, inabaki mikwaruzo, na mtoto anadhani muziki wa babu zake ni mikwaruzo.

Sasa nifike kwa bibi.

Sehemu ya mwisho ya kila miksi ninayoitengeneza ni sauti ya mtu wa nyumbani. Hapa ndipo jamaa anapomzidi dijei yeyote duniani. Unaweza kurekodi igihozo, wimbo wa kubembelezea mtoto, ambao bibi alimwimbia mama wa huyo mtoto. Unaweza kurekodi akazehe, zile salamu za kuimbwa ambazo wanawake wa Kirundi walisalimiana nazo walipokutana baada ya siku nyingi, mmoja akianza na mwingine akipokea, sauti zikipishana kwa kasi mpaka huwezi kujua ni nani anaimba nini. Na mtoto wa kike akikuuliza kwa nini hasikii wanawake kwenye ngoma, mpe jibu la kweli bila kuzunguka: amri ya rais ya mwaka 2017 imeziachia ngoma za kifalme wanaume peke yao. Kisha msikilizishe akazehe, ambayo ni mali ya wanawake tangu zamani.

Akazehe inahitaji watu wawili. Watu husahau hilo: wanamwekea bibi simu mbele ya mdomo na kumwambia aimbe, naye anaimba nusu, anasita, anasema amesahau. Hajasahau. Hana wa kumpokea. Tafuta jirani wa rika lake au dada yake, waache waketi, wazungumze habari za mashamba na za wagonjwa, na simu iwe imekwisha kuwashwa pembeni kwa ruhusa yao. Nilipomwomba mama yangu hapa Muyinga, alikataa kwanza, akasema hizo ni sauti za wasichana. Akaja jirani yake mmoja kuazima ungo. Wakasimama mlangoni, mkono wa mmoja begani kwa mwenzake, na wakaanza wenyewe, bila mtu kuwaomba tena. Ilichukua chini ya dakika moja. Kwenye rekodi unasikia kuku, unasikia ungo ukiangushwa, na mwishoni mama anacheka na kuniambia, "Haya mwanangu, mpelekee." Kicheko na maneno hayo sikuyakata, na mpwa wangu ameniambia ndipo anaporudia kuliko mahali pengine popote.

Upande wa kiufundi wa kurekodi mtu ni rahisi. Fanya kazi hiyo kiangazi, kati ya Juni na Agosti, au siku isiyo na mvua. Mvua juu ya mabati inaua kila kitu. Epuka chumba kitupu cha saruji kinachorudisha mwangwi. Chumba chenye kitanda, nguo na pazia kinafaa zaidi, au kivulini nje kama hakuna upepo. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, kiasi cha urefu wa mkono mmoja kutoka kinywani, na uiweke isipokee simu wala ujumbe. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu unabana sauti mno. Tumia kinasa sauti cha simu chenyewe, kisha faili litume kama dokumenti. Na jambo la adabu: muulize bibi anakubali kusikilizwa na nani. Kuna igihozo ambacho mama mzee anakiimba kwa ajili ya mjukuu mmoja tu, hataki kikutwe kwenye simu za kijiji kizima.

Maneno ya nyimbo yasikilize yote kabla ya kuyaweka, hata ya wimbo ambao umeucheza arusini mara nyingi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo aliyefanya maisha yake Dar es Salaam, alitunga "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu na ukimwi, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Kwa kijana wa miaka kumi na saba huo ni wimbo mzuri na nitampa bila kusita. Wa miaka tisa asubiri. Nyimbo za kampeni na za vyama, za upande wowote, mimi siziweki kabisa. Mtoto atazipiga kwenye basi au bwenini bila kujua nani amekaa kiti cha nyuma, na katika nchi yetu hilo si jambo la kumbebesha mtoto. Kuhusu dini, kila nyumba ina taratibu zake. Familia nyingi za Kiislamu za Muyinga hazipendi kusikia kaswida ikibanwa katikati ya nyimbo za kucheza, na waumini wengi wa makanisa wana hisia hizohizo juu ya kwaya. Zitengenezee folda yake peke yake. Ni heshima, na pia zinapendeza zaidi zikiwa pamoja.

Turudi kwenye mafaili. Vijana wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi madukani wanafanya kazi haraka na bei zao si mbaya, lakini mara nyingi wanachokupa kimekopiwa mara nyingi mno. Faili la MP3 la kbps 128 linachukua takribani MB 1 kwa dakika, na kwa simu ndogo linatosha. La kbps 320 linachukua MB 2.4. Ila faili bovu lililogeuzwa kuwa la 320 haliponi, limenenepa tu. Sikiliza matoazi na sauti za "s": zikisikika kama maji yanayochemka, tafuta nakala nyingine. Na msanii wa kwetu anapouza wimbo wake mwenyewe, nunua kwake.

Sauti za nyimbo zilingane. Wimbo wa mwaka jana umerekodiwa kwa nguvu kubwa, wa Matata uko chini, wa bibi uko chini zaidi. Mtoto akipandisha sauti ili amsikie bibi, wimbo unaofuata utampasua masikio. Audacity ni programu ya bure ya kompyuta na ina chombo cha kusawazisha ukubwa wa sauti. Pitisha nyimbo zote kwenye kipimo kimoja, mimi natumia LUFS 16 chini ya sifuri, kisha zisikilize kwa masikio yako mwenyewe na kurekebisha kwa mkono, hasa inanga, ambayo haifai kupandishwa mpaka ikalingana na Bongo Fleva. Iache iwe ndogo.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wengi hawalifikirii. Watoto hawasikilizi peke yao. Wanakaa wawili, visikilizi ni jozi moja, kila mmoja anachukua sikio lake. Rekodi za zamani mara nyingi zimeweka gitaa upande mmoja na sauti ya mwimbaji upande mwingine, kwa hiyo mmoja anasikia wimbo usio na mwimbaji na mwenzake anasikia mwimbaji asiye na gitaa. Kwenye Audacity unganisha pande mbili za rekodi kuwa mono, na wote wawili watasikia wimbo mzima.

Majina ya mafaili yaanze na namba mbilimbili: 01, 02, mpaka 12. Ukiandika 1, 2, 3, simu nyingi zitaupiga wa 10 kabla ya wa 2, na mpango wako wote utavurugika. Redio nyingi ndogo za flashi hazisomi majina kabisa, zinapiga kwa mpangilio wa kunakiliwa. Kwa hiyo nakili wimbo mmojammoja, kwa zamu yake, kwenye kadi uliyoifuta kwanza. Kadi isizidi GB 32. Zaidi ya hapo huja na mfumo ambao simu za vitufe na redio nyingi haziutambui, na mtoto ataambiwa kadi ni mbovu. Na kabla hujaikabidhi, ijaribu kwenye kifaa duni kuliko vyote utakavyovipata, si kwenye simu yako nzuri.

Pamoja na kadi mpe karatasi. Iandike kwa mkono. Kila wimbo uwe na mstari mmoja au miwili: nani anaimba, na ulikufikaje wewe. Usiandike wasifu wa msanii, huo atausoma mtandaoni. Andika kwamba huu ndio uliokuwa ukipigwa siku mama yake alipovuka Kobero kurudi nyumbani. Kwamba huu babu alikuwa akiupiga filimbi akienda kukamua ng'ombe. Kwamba sauti hii ya pili kwenye akazehe ni ya yule mama jirani anayempaga ndizi mbivu kila likizo. Habari za vita na za kambi, ukiona umri wake bado, ziandike kwa ufupi na kwa ukweli, na umwambie atakuuliza mengine mkionana. Ataiweka karatasi hiyo kuliko kadi.

Mlinde pia masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, ambapo mtu mzima anaruhusiwa 80. Kwa kuwa hakuna anayepima desibeli nyumbani, mwambie sauti isivuke katikati ya kipimo cha simu, na kwamba akishindwa kumsikia anayemwita kutoka hatua mbili tatu, apunguze.

Ukishampa, usimuulize "umeipenda?" Subiri wiki mbili, kisha muulize ni wimbo gani ameuruka na upi amewasikilizisha wenzake. Pokea jibu bila kununa. Aliouruka utoe katika miksi ijayo, au uhamishe mahali pake. Mara nyingine tatizo ni jirani ya wimbo wala si wimbo. Na mwombe naye akupangie yake, dakika 45 zilezile, kwa masharti yaleyale. Mpwa wangu ameniletea mambo ya Gitega ambayo huku Muyinga hayajafika, pamoja na kwaya ya darasa lao aliyoirekodi mwenyewe, simu ikiwa juu ya kitambaa.

Likizo kubwa inaanza Julai. Kama una mzee nyumbani anayejua igihozo, akazehe au inanga, nenda ukamrekodi kabla hujatafuta wimbo wowote wa mtandaoni, na uweke nakala mbili kwenye kadi mbili tofauti. Nyimbo nyingine zote zitakusubiri.